Mstari Uliokosekana Daftarini

Sajini Mbwana Chome hakuwa na kimo. Hakuwa na kifua cha kujaza gwanda, wala sauti ya kuamrisha watu, wala masharubu. Hakuwa na cheti cha kidato cha nne. Kiingereza chake chote alikitoa katika vitabu vya mafunzo ya redio za jeshi. Tangu vita vya ng'ambo ya mpaka hakuwa na sikio la kushoto. Lilikuwapo kichwani kama pambo, lakini halikusikia kitu. Hakuwa na picha hata moja iliyomwonyesha ameshika bunduki, na watoto wa Msambweni waliokuja kuiona nishani yake ya ushujaa waliuliza kwanza aliua wangapi. Alipowajibu kwamba kazi yake ilikuwa kusikiliza, walirudi makwao wamevunjika moyo.

Kulikuwa na kitu kingine alichokosa, na hicho hakuna aliyekijua, hata mkewe. Daftari la redio la asubuhi ile ya mapambano, ambalo lenyewe liko makao makuu na nakala yake aliinakili kwa mkono wake katika daftari la shule, lilikosa mstari mmoja.

Jumanne moja, wiki tatu kabla ya nikaha ya binti yake Muhsina, pampu ya maji ya nyumbani iliungua. Mchumba wa Muhsina, Farhan Abdurahman, alikuwa fundi wa injini za boti. Aliibeba pampu ile hadi Bodo, ambako alikuwa na kazi ya siku mbili, akaifungue huko. Kulipokucha Jumatano ilibidi Mbwana apewe nambari ya kipuri ili akakitafute Ukunda. Muhsina alikuwa Ramisi, akifundisha shule ya chekechea, kwa hiyo Farhan alimpigia mkwewe mtarajiwa moja kwa moja. Hawakuwahi kuzungumza kwa simu. Farhan alikuwa amekaa ukumbini kwa Mbwana mara tano, amekunywa chai, ameitikia dua, na Mbwana hakuona kwake ila kijana mpole mwenye grisi kwenye kucha.

Mbwana aliiweka simu kwenye sikio la kulia. Kulikuwa na upepo mwingi. Kabla ya kusema neno, mtu wa upande wa pili alipuliza mara mbili kwenye simu, puu, puu, kama anayejaribu kama chombo kiko hai.

"Shikamoo baba."

Mbwana aliitikia marahaba. Farhan akaanza kumsomea nambari kwa Kidigo, kwa kuwa ndiyo lugha waliyozoea kuongea. Mbiri, hahu, hahu. Akatua. Mwenga, nne, tsano. Akatua. Kila nambari tatu alitua, akavuta pumzi kwa mdomo, akaendelea.

Kalamu ya Mbwana iliandika nambari zote kumi na mbili bila kukosea, kwa sababu mkono wake ulikuwa umefundishwa kuandika hata mwenyewe akiwa anakufa. Aliandika na saa pembeni, tatu na dakika arobaini. Kisha akashukuru, akakata simu, na akabaki ameketi kwenye kigoda hadi chai ikapoa mbele yake.

Sauti ya mtu ikiwa chumbani huwa na uso, mikono na adabu. Ikipita kwenye waya au hewani hubaki mfupa wake tu, na mfupa ule Mbwana aliujua.

*

Bimkubwa hakuwa mwanamke wa kuzungushwa. Alipoona mumewe ameacha chakula cha mchana, alimwuliza kama ni tumbo au ni moyo. Mbwana alimwambia afunge mlango wa uani. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili, alimweleza asubuhi ile yote.

Kambi yao ilikuwa ng'ambo ya mpaka, kwenye mchanga mweupe usiokuwa na kivuli. Mashambulizi yalianza baada ya adhana ya alfajiri kwa gari lililojazwa baruti. Mlingoti wa redio ulianguka. Mbwana alitoka handakini akiwa na waya begani, akautundika juu ya tangi la maji huku risasi zikilitoboa tangi na maji yakimwagikia kichwani. Ukakatika, akatoka tena. Mara ya pili ndipo bomu lilipolichukua sikio. Hayo yote yalisomwa siku aliyovishwa nishani, na Bimkubwa aliyajua kama ajuavyo Fatiha.

Asilolijua ni lililofuata. Mbwana alipokuwa akizungusha kitufe kutafuta mawimbi ya makao makuu, aliangukia mawimbi ya adui, na humo akasikia Kidigo. Kijana mmoja alikuwa akiyapanga makundi yao kwa nambari, akiwaelekeza wenziwe wawili wa kwao, kwa uhakika kwamba katika kambi nzima ya watu wa bara hapakuwa na wa kumwelewa. Kabla ya kila agizo alipuliza mara mbili. Mbwana alimtafsiria kamanda neno kwa neno. Bunduki zikahamishwa upande wa mashariki kabla adui hajafika. Watu hamsini na wawili walirudi nyumbani wazima kwa sababu hiyo. Koplo Lennox, mwenzake wa zamu aliyekuwa akimshikia betri, hakurudi.

"Na huyo kijana ndiye Farhan," Bimkubwa alisema.

"Ndiye."

"Wewe wa sikio moja, baada ya miaka kumi na miwili."

"Sikio la redio ni moja tu, Mama Muhsina. Hilo lingine nililolipoteza halikuwa na kazi."

Bimkubwa hakumbishia tena. Alikuwa akiangalia mlango alioufunga. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna watu wa aina mbili watakaokuja katika nyumba hii: wale Farhan aliowakimbia, na wale wa serikali wanaowatafuta waliokimbia. Hakuna kati yao abishaye hodi. Kijiji kizima kilimkumbuka muuza mkaa aliyeitwa nje akiwa anakula, na kiatu chake kimoja kikaokotwa barabarani. Alimtaka mumewe aivunje posa kwa sababu yoyote ile, hata kwa kumsingizia mtoto ugonjwa, kisha anyamaze.

Mbwana alimwambia bado hajamaliza. Alimtajia lile lililokosekana daftarini. Bimkubwa alipolisikia aliweka mkono mdomoni.

*

Alhamisi, saa nne asubuhi, Mbwana alimpigia Farhan. Hakuanza kwa salamu. Alipuliza mara mbili, kisha akasema maneno mawili kwa Kidigo, polepole, kama alivyoyasema siku ile.

"Uya kaya."

Yaani rudi nyumbani. Upande wa pili upepo uliendelea. Nyundo iliyokuwa ikigonga chuma ilinyamaza. Pumzi ikavutwa kwa mdomo, ikakaa.

"Ni wewe," Farhan alisema.

Alasiri alikuja mwenyewe, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyejua kama amekaribishwa. Alisimulia bila kujitetea sana. Akiwa na miaka kumi na tisa aliahidiwa kazi ya injini kwenye bandari ya ng'ambo, na alipofika alikuta kazi ni nyingine na njia ya kurudi haipo. Walimpa redio kwa kuwa alikuwa na sauti isiyotetemeka. Asubuhi ile alipokuwa akiliagiza kundi la tatu, alisikia mzee wa kwao akimwambia arudi nyumbani. Alidhani amekufa na anaitwa na marehemu babu yake. Aliitupa redio mchangani na kundi la tatu likabaki linangoja agizo ambalo halikuja. Alitembea siku tisa. Aliporudi alisema alikuwa Pemba. Serikali ilipowaita waliorudi wajiandikishe, aliogopa, kwa sababu wawili waliojiandikisha aliwajua, na wote wawili walizikwa mwaka ule ule.

Mbwana alimwuliza jambo moja tu. Kama aliua.

"Nilihesabu, baba," Farhan alisema. "Wengine waliua kwa hesabu yangu."

Mzee hakumsamehe, wala hakumfukuza. Alimwambia pampu ya maji bado haijatengenezwa, na kwamba atampa jibu baada ya sala ya Ijumaa.

*

Ijumaa haikufika na jibu. Saa tatu asubuhi Mwanarusi, mama yake Farhan, aliingia uani bila viatu na bila kubisha. Watu wanne wasiovaa sare walikuwa wamemchukua mwanawe karakanani, injini ikiwa imefunguliwa mezani. Afadhali hawa walisema wanakompeleka: kituo kimoja Mombasa. Wakili wa haki za watu, jina lake Caroline, alikuwa amekwisha kumpigia simu.

Mwanarusi alisimama mbele ya Mbwana akimtazama kwenye shati, pale ambapo nishani hukaa siku za sherehe.

"Jana alikuja hapa kwako," alisema. "Leo hayupo. Nakuuliza kwa heshima, babangu. Ni wewe?"

Mbwana alisema si yeye. Alisema wallahi. Lakini aliona kwamba kiapo chake hakikununua kitu kwa mama yule, na uso ulimwaka, kwa maana katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kukikataa kiapo chake.

Kikombe kilianguka jikoni. Bimkubwa alitoka, ushungi umemshuka mabegani. Alikaa chini sakafuni, si kwenye mkeka, na kutoka hapo chini akasema kwamba ni yeye. Jumatano jioni alikwenda kwa mzee wa mtaa, ambaye ni binamu yake, akamwambia kwamba kijana yule aliwahi kuwa ng'ambo. Hakutaka akamatwe. Alitaka aonywe tu, atishwe kidogo, aondoke Msambweni kabla ya nikaha, ili balaa lisiingie nyumbani kwake. Alidhani jambo kama lile huwa lina kipimo, kama chumvi.

Mwanarusi alijifunga leso yake vizuri, akasema, "Wewe una binti, mimi nina mmoja tu yule," akatoka. Alipokuwa langoni aliteleza kidogo kwenye matope ya maji ya ndoo yaliyokuwa yakimwagika tangu pampu iungue, na hakuna aliyethubutu kwenda kumshika mkono.

Mchana Mbwana aliongea na Caroline. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Mahakama imewapa askari hadi Jumatatu, na siku hiyo watarudi kuomba siku kumi na nne. Hakuna shahidi hata mmoja wa kusema kwamba kijana yule aliacha mwenyewe, na asiyekuwa na shahidi huchukuliwa kwamba ametumwa kurudi. Akisharudishwa mikononi mwao bila ushahidi wowote wa upande wake kuandikwa, wakili hawezi kuahidi kwamba ataonekana tena. Mbwana aliuliza shahidi wa namna gani. Caroline alijibu kwamba ni aliyekuwapo, tena mwenye jina ambalo hakimu hawezi kulipuuza, na maelezo yawe kwenye karatasi yenye sahihi yake halisi, si picha ya simu.

Alasiri ile gari jeupe liliegeshwa ng'ambo ya barabara, karibu na duka la sukari. Vioo vyake vilikuwa vyeusi. Hakushuka mtu. Kulipokucha lilikuwa bado lipo.

*

Jumamosi Mbwana alikwenda Diani kumwona Johnstone. Walikuwa kambi moja. Johnstone alikuwa dereva, mtu wa Vihiga, na sasa alikuwa mkuu wa walinzi katika hoteli moja ya ufukweni. Yeye ndiye aliyeubeba mwili wa Lennox mgongoni hadi kwenye helikopta, na kila mwaka siku ile wao wawili walikunywa soda pamoja bila kusema mengi. Mbwana aliona hawezi kuandika kabla ya kumwambia.

Mlinzi wa langoni hakumjua. Alimwambia wazee wa kuuza makuti wapitie mlango wa nyuma. Mbwana alipitia mlango wa nyuma.

Johnstone alimsikiliza amesimama, kofia mkononi. Aliposikia kwamba mwenzake aliingia kwenye mawimbi ya adui akamsemesha, alicheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha.

"Sajini, hiyo ni noma. Mtu akiongea na adui bila ruhusa, wanauliza aliongea mara ngapi. Watasema ulikuwa unawapanga. Hiyo medali wataichukua, na pensheni juu. Na hao wengine nao, wakijua wewe ndio ulisikia Kidigo yao?"

Mbwana alisema ameyafikiria hayo yote.

"Na Lennox?"

"Lennox alikuwa ameshakufa niliposema. Alikuwa amenilalia mguuni. Nilimtazama yeye, nikasikia kijana mwingine wa umri wake anahesabu, nikaona sina nguvu ya kusikiliza wa pili akifa."

Johnstone aliivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Mwishowe alisema hatamzuia, lakini jina lake yeye Johnstone lisitajwe popote, na mwaka huu asije kwa ile soda. Mbwana alimpa mkono. Johnstone aliutazama, kisha akageuka kwenda kukagua magari ya wageni.

*

Jumapili Muhsina alirudi kutoka Ramisi na mzee alimwambia kila kitu, hata la mama yake. Alimkabidhi barua aliyoiandika tangu alfajiri, kwa maandishi ya kusimama, kila herufi peke yake kama jeshi lilivyomfundisha.

*Mheshimiwa Hakimu,* iliandikwa. *Mimi ni Mbwana Chome, sajini mstaafu wa mawasiliano. Naeleza jambo nisilolieleza kwa kamanda wangu. Asubuhi ya mapambano, saa kumi na moja na dakika arobaini na saba, niliingia kwenye mawimbi ya adui bila idhini nikamwambia kwa Kidigo kijana aliyekuwa akiagiza makundi yao arudi nyumbani. Sikuliandika daftarini kwa sababu niliogopa. Mstari unaofuata katika daftari, ambalo serikali inalo, nimeandika: adui kimya, kundi la tatu halikuonekana. Kundi hilo halikuonekana kwa sababu kijana huyo aliacha. Kijana huyo ni Farhan Abdurahman. Sisemi hana kosa. Nasema aliacha mwenyewe, kabla hajalazimishwa, na mimi ndiye shahidi. Kama kuna adhabu kwa kusema naye, nyumba yangu iko Msambweni na mimi sihami.*

Muhsina aliisoma mara mbili. Macho yalikuwa mekundu lakini hakulia. Alisema hajui kama ataolewa na Farhan. Alisema pia hajui kama atakula tena chakula kilichopikwa na mama yake, na Bimkubwa aliyesimama mlangoni alilisikia hilo, akalipokea.

"Lakini nataka arudi nimwulize mwenyewe," Muhsina alisema. "Nisimwulize kaburi."

Jumapili nzima gari jeupe lilikuwa pale. Bimkubwa alihesabu mara ngapi kioo kilishushwa: tatu. Mara ya tatu mkono ulitoka, ukakung'uta majivu ya sigara, ukarudi ndani. Alimsihi mumewe angoje giza, amtume mtu mwingine, au ampe dereva wa boda. Alisema akipita mbele yao mchana kweupe na bahasha, hatafika stendi. Mbwana alisema barua ikipelekwa kwa kujificha itasomwa kama barua ya mtu anayejificha. Alisema hivyo, kisha akaenda kuhakikisha mara ya pili kwamba mlango wa uani umefungwa.

*

Ofisi ya vifurushi pale stendi ya Msambweni hufunguliwa saa moja Jumatatu. Basi la kwanza hufika Mombasa kabla ya mahakama kuanza. Saa kumi na mbili na nusu Mbwana alivaa kanzu safi, akatoa nishani katika kasha la miwani, akaitazama, akairudisha. Aliikunja barua mara tatu, akaitia katika bahasha yenye jina la Caroline. Gundi ya bahasha ilikuwa imeharibika kwa unyevu wa pwani na haikushika.

Bimkubwa alikwenda jikoni. Alirudi na unga wa ngano uliokorogwa kwa maji ya moto kwenye kisahani, akaketi, akapaka ukingo wa bahasha kwa kidole chake mwenyewe, akaufunga, akaulaza chini ya kiganja chake mpaka ukashika. Alibonyeza muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Twende," alisema.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Mimi ndiye niliyempeleka. Nitakwenda kumrudisha."

Walivuka barabara pamoja, yeye upande wa kushoto wa mumewe, upande usiosikia. Walipolifikia gari jeupe, injini iliwashwa. Mbwana hakuisikia. Bimkubwa aliisikia, akamshika mkono, na hawakuharakisha. Gari lilitembea nyuma yao taratibu kama gari la msiba, hadi stendi, likasimama.

Karani alikuwa kijana mwenye usingizi. Aliipima bahasha na kuuliza jina la anayetuma, akamwambia wengine huandika la uongo na haina neno. Mbwana alilitaja lake lote na cheo chake cha zamani, kwa sauti ambayo watu wote waliokuwa wakingoja basi waliisikia. Karani aliigonga bahasha muhuri, akaitia kwenye gunia jekundu, akalifunga mdomo kwa kamba. Mpakizi alilibeba gunia akalitupa ndani ya basi, na basi likaondoka. Gari jeupe lilibaki.

Mbwana alikaa kwenye benchi la abiria. Alitoa mfukoni lile daftari la shule, akalifungua kwenye ukurasa wa asubuhi ile, akatafuta nafasi nyembamba kati ya mistari miwili. Mlango wa gari jeupe ulifunguka. Bimkubwa alisimama mbele ya mumewe, akalielekezea gari uso.

Mbwana aliitazama saa yake. Aliandika kwanza mstari wa zamani, saa kumi na moja na dakika arobaini na saba, maneno mawili ya Kidigo, jina la aliyeyasema. Chini yake akaandika wa leo: Saa moja na dakika kumi na mbili. Imetumwa.